Ngoma za Chekechea ya Bi Bahiya

Sinza, 21 Machi 1994

Bi Chausiku Shomari, Bunju

Assalaam aleikum, shoga yangu,

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii. Mie mzima, ila magoti ndiyo yananitesa nikikaa muda mrefu. Eda ya marehemu mume wangu niliimaliza mwaka juzi, na badala ya kubaki ndani nikitazamana na mijusi ukutani, nimefungua chekechea hapa uani kwangu. Siku hizi ruhusa haina shida, kila mtu anafungua kitu. Majirani wamefungua baa na gesti, mie nimechagua watoto.

Ninao ishirini na wanane, wa miaka mitatu hadi sita, na nataka wawe na kikundi chao cha muziki. Jumamosi ya tarehe 28 Mei, wiki moja baada ya Idd Kubwa, watapiga mbele ya wazazi na mie nitaimba nao. Nimewaalika pia kina mama wa kikundi chetu cha taarabu, wale tuliobaki hai.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Wazazi wa sasa wanataka kuona vitu. Nafikiria ngoma tatu kubwa za kusimama, filimbi moja kwa kila mtoto, matoazi ya shaba, na kinanda cha umeme ambacho mpwa wangu Walid analeta kutoka Dubai. Lakini mie ni mdomo tu, sikio ulikuwa nalo wewe. Nasikia mpaka leo unawamba ngoma na watu wanakufuata hadi huko Bunju. Nichagulie vyombo, na ngoma unitengenezee. Jibu mpe Walid, gari lake linapita kwenu kila Ijumaa.

Wako,
Bahiya Matar


Bunju, 27 Machi 1994

Mdogo wangu Munira,

Bahiya ameniandikia. Soma tena, hujakosea. Bahiya Matar, kwa mkono wake mwenyewe, ananiita shoga. Ameeleza habari za magoti yake, eda yake na watoto wake ishirini na wanane wa chekechea, na katika karatasi nzima hakuna neno hata moja kuhusu ile arusi ya Magomeni.

Wewe ulikuwepo, lakini niache niseme, maana nisiposema litanipasua. Mwaka wa sabini na tisa. Nimekaa na dumbaki langu mapajani, ukumbi umejaa kina mama, Bahiya anasimama na wimbo mpya. Ubeti wa kwanza niliupiga kwa raha, wimbo ulikuwa mtamu. Ubeti wa pili akaimba habari za mwanamke aliyeshona vifulana saba vya kichanga akavificha sandukuni, na mpaka leo vinangoja wa kuvivaa. Hapo nikajua. Wakaanza kuinuka kumtunza mwimbaji, na kila aliyekwenda kumtunza alipita kwanza mbele yangu, anacheza, ananinyooshea kidole.

Nami nikaendelea kupiga. Mpiga dumbaki akiacha wimbo unakufa, na ningeacha, hata yule ambaye hakuwa ameelewa angeelewa. Nilipiga beti zote za kutukanwa kwangu, Munira, na sikukosea hata pigo moja.

Miezi mitatu baadaye Badru akaniolea mke wa pili, na mwaka haukuisha nikaletewa talaka. Nilipofungua sanduku nilikuta vifulana vimebaki sita. Yule mama mkwe aliyepekua vitu vyangu akapeleka habari kwa Bahiya ameshakufa, nimemwachia Mungu wake. Lakini Bahiya yu hai, na sasa ameniletea shingo yake mwenyewe.

Sikiliza nitakachofanya. Mtoto wa miaka mitatu humpi filimbi. Atajaza mate, mwenzake ataichukua, na baada ya wiki chekechea nzima ina mafua. Na filimbi ishirini na nane zikipulizwa pamoja, mbwa wote wa Sinza watahamia Kijitonyama. Ngoma ya kusimama inamfika mtoto kidevuni, anaipiga huku kanyoosha mikono kama anayeanika nguo. Matoazi ya shaba ndani ya ua uliozungukwa na ukuta yatawaliza wadogo. Kinanda kinataka umeme, na mgao tunaujua.

Ningekuwa namtakia mema ningempa manyanga ya vibuyu vidogo, mbegu chache ndani ili mkono usichoke. Njuga za miguuni kwa watundu wasiotulia. Kayamba mbili tatu kwa wakubwa, na vingoma vifupi vipana ambavyo mtoto anakaa chini akaviweka katikati ya miguu. Vyote ningevichagua sauti kwa sauti mpaka vipatane. Lakini simtakii mema. Kila alilolitaka nitamwambia ndiyo. Na zile ngoma tatu nitaziwamba kwa ngozi ambayo haijakauka sawasawa, hivyo mvua za Mei zikizigusa zitalegea mbele ya wale wale kina mama walioninyooshea vidole. Asimame na mdomo wake wazi na nyuma yake pasiwe na mdundo.

Dada yako,
Chausiku


Mbagala, 4 Aprili 1994

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya pili nikiwa jikoni, maandazi ya watu yakaungua. Mie nasema fanya. Tena usimhurumie hata kidogo. Yule mwanamke alikunywa jasho lako kwenye kile kikundi, akakulipa kwa kukuvua nguo mbele ya watu. Leo amezeeka anajifanya mlezi.

Mie mwenyewe sijasahau. Unakumbuka nilikuwa mwitikiaji mpya, siku ile ndiyo ya kwanza kusimama nao, na maneno nilipewa jioni ileile. Ningekataaje? Nilikuwa naitikia huku machozi yananitoka, basi tu wewe ulikuwa umeinamia dumbaki hukunitazama. Mungu anajua.

Ila dada, nakuomba jambo moja. Usiende Sinza mwenyewe. Mzigo mpe huyo Walid na maneno yaishie kwenye karatasi. Bahiya unamjua, mkikaa mkaongea ataanza kukutia hili na lile, atakuvuruga akili mpaka usahau ulichofuata. Mtu kama yule haulizwi kitu, anapewa dawa yake anyamaze.

Wako mtiifu,
Munira


Bunju, 8 Aprili 1994

Bi Bahiya Matar, Sinza

Waaleikum salaam, Bi Bahiya,

Barua yako imenifikia na nimefurahi kusikia u mzima. Pole kwa magoti na pole kwa msiba.

Uchaguzi wako wa vyombo ni mzuri na sina la kupunguza. Ngoma kubwa zinapendeza macho. Filimbi kila mtoto apate yake. Matoazi chukua makubwa kabisa, yana sauti. Kinanda ndicho kitakachowafanya wazazi wajue kwamba shule yako si ya mchezo. Ngoma tatu nitakutengenezea mimi na Walid atazichukua mwanzoni mwa Mei. Nikipata nafasi nitakuja siku moja kuona ua ulivyo.

Wako,
Chausiku Shomari


Bunju, 24 Aprili 1994

Munira,

Najua ulinikataza, lakini nimekwenda Sinza. Siwezi kutengeneza ngoma bila kuona itakapopigwa, hata kama ni ngoma ya kumwangamiza mtu. Usiwe na wasiwasi, Bahiya sikumkuta. Alikuwa kliniki na magoti yake. Nilipokewa na mwalimu wake, binti wa Kihaya anaitwa Adelina, mpole, ana sauti ya kanisani.

Nitakueleza ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Nilikwenda kupima ua nikajikuta napima viganja vya watoto kwa uzi. Walipanga mstari wenyewe. Kuna mmoja anaitwa Lulu, mjukuu wa Bahiya, ana miaka minne, alipanda juu ya tofali ili afikie ngoma ya mfano niliyokwenda nayo. Akaipiga mara moja, akateremka, akaweka sikio kwenye ngozi kusikia kama imemaliza. Halafu akaniuliza kwa nini nimeleta ngoma iliyo kubwa kuliko yeye. Nikamwambia atakua.

Nilirudi nimekasirika. Nilimkasirikia Bahiya kwa kujizungushia watoto, maana huwezi kumpiga bila kuwagonga wao. Jana nimechonga kingoma kimoja kidogo, sijui kwa ajili ya nani. Leo nimechonga cha pili. Mikono imezoea kazi nzuri, inanisaliti.

Lakini usidhani nimelegea. Zile tatu kubwa nimeziwamba kwa ngozi mbichi kama nilivyosema, na Walid atazichukua Ijumaa ya kwanza ya Mei. Usiku ule wa Magomeni ninao kifuani mpaka leo, na watoto ishirini na wanane hawatoshi kuuondoa.

Chausiku


Sinza, 9 Mei 1994

Chausiku,

Mzigo umefika. Babu yangu aliuza ngozi, baba yangu aliuza ngozi, na mie nilicheza juu ya marobota ya ngozi kabla sijajua kutembea vizuri. Ngozi mbichi naijua kwa harufu. Jana imenyesha, leo nimezigonga, zimejibu kama godoro. Fundi kama wewe hakosei hivyo. Tena ile barua yako iliyokubali kila kitu, filimbi mpaka matoazi, nilipoisoma nilijua hunitakii heri. Chausiku ninayemjua mie angenitukana kwa zile filimbi.

Unadhani sikujua kwamba unanichukia? Nilikaa siku tatu na kalamu nikitafuta pa kuanzia habari ya Magomeni. Nikashindwa, nikaandika habari za magoti.

Wimbo ni wangu. Niliutunga mie na niliuimba mie, na nilipenda makofi yake. Nilikuwa nimechoka kila tukimaliza kupiga watu wanauliza yule mpiga dumbaki ni nani. Kina mama nimewaalika makusudi, ili niombe radhi mahali na mbele ya watu wale wale, maana kuomba chumbani jambo lililofanywa ukumbini ni uoga. Hilo nilitaka ulikute, nisikuambie kabla. Sasa umenilazimisha.

Na nitasema lingine. Wewe na Munira nawaonea wivu. Yeye ndiye aliyeniletea ile habari ya vifulana, wiki ile aliyotaka nimpe nafasi ya kuitikia, na bado kila Idd watu wananiambia wamewaona pamoja, mnapikiana, mnacheka. Ninyi ndugu mna moyo mkubwa. Nikajiambia, kama aliyepeleka maneno amesamehewa, pengine na aliyeyaimba naye siku moja atapata nafasi.

Kama hutaki, basi. Niaibishe utakavyo. Ila wale watoto wamefanya nini?

Bahiya


Bunju, 13 Mei 1994

Bahiya,

Nijibu jambo moja tu na usiongeze kitu. Habari ya vifulana ililetwa na Munira mwenyewe, au ilipitia kwa mama yake Badru?

Chausiku


Sinza, 15 Mei 1994

Chausiku,

Sasa naelewa kwamba ulikuwa hujui.

Ni Munira. Alikuja mwenyewe, hakutumwa na mtu. Nilikuwa nimemwambia sauti yake nyembamba, haifai kuitikia. Kesho yake akarudi, akafungua mkoba akatoa kifulana kimoja cheupe chenye uzi wa kijani shingoni, akakiweka mapajani kwangu kama mtu anayeonyesha sampuli ya kitambaa. Akasema viko saba, na kuna wimbo hapo. Yule mama mkwe wako sikuwahi hata kuongea naye.

Nisamehe kwa hili pia.

Bahiya


Bunju, 18 Mei 1994

Munira,

Nimerudishiwa zile ngoma tatu na nimezichanachana ngozi zake. Filimbi nimemwambia Bahiya azirudishe dukani, matoazi ayauze, na kinanda akiweke sebuleni wageni wakione. Watoto watapata manyanga, njuga, kayamba mbili, na vingoma vya kukaa chini. Nimeshamaliza tisa. Nimeanza kwenda Sinza kuwafundisha, na Jumamosi ile nitapiga dumbaki mwenyewe, mara ya kwanza tangu Magomeni.

Njoo. Nimekuwekea kiti cha mbele, mkono wa kulia, karibu na ninapokaa mimi. Kina mama wote wa kikundi watakuwepo.

Bahiya amenieleza habari ya kifulana ulichokibeba mkobani. Chenye uzi wa kijani. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikimlaani mama wa watu kaburini. Wewe umekuwa ukinisikiliza nikimlaani, unaniongezea chai.

Sitaki maelezo na usiniandikie kabla ya siku hiyo. Usipokuja, nitasimama nieleze mbele ya watu wote kwa nini kiti chako kitupu. Ukija, tutaona.

Chausiku


Mbagala, 30 Mei 1994

Dada,

Nimekuja kama ulivyotaka, na sijapata usingizi tangu nirudi.

Watoto wamepiga vizuri, sina la kusema. Wale wa njuga walipoanza kukanyaga chini, hata baba zao walioletwa kwa lazima waliinuka. Lakini mie sikusikia muziki. Kila ulipoinua mkono nilidhani ndiyo sasa. Nimekaa pale mbele, jasho limelowanisha kanga mpaka mgongoni, na mama mmoja wa kikundi akaniuliza kama nina malaria.

Halafu Bahiya akasimama. Alipoomba radhi kwa ajili ya wimbo ule, wale kina mama wakalia, nami nikasema afadhali, yamekwisha. Kumbe akaendelea. Akasema yapo maneno ambayo hakuyatunga, aliletewa, na aliyemletea yumo humu ndani. Roho yangu ilitoka, dada. Nikaona watu wanaanza kugeuza shingo. Ndipo ukapiga dumbaki, ukamkatiza, watoto wakakufuata, naye ikabidi aimbe.

Kwa nini ulimkatiza? Kama ni kunihurumia, mbona hukunitazama hata mara moja? Niliposubiri nje kukusalimia ulipita umembeba yule mtoto Lulu kama hunijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Wewe ulikuwa unasifiwa kila nyumba, mie nilikuwa mdogo wake Chausiku, sina jina. Nilitaka na mie nisimame mbele ya watu. Sikujua kama Badru angekuacha. Hilo naapa.

Sema basi. Nenda kwa kina mama, nenda kwa shangazi zetu, sema yaishe, nitukanwe nijue nimetukanwa. Usiniache hivi. Na nakuomba, Siwema wangu anaolewa mwezi wa nane. Yeye hajui kitu. Lolote utakalolifanya, lisifike kwenye arusi ya mwanangu.

Munira


Bunju, 6 Juni 1994

Munira,

Sikukuhurumia. Bahiya nilimkatiza kwa sababu lile halikuwa lake la kusema. Ni langu, nalo nitakaa nalo nitakavyo.

Unaandika kwamba ulikaa pale mbele ukingoja jina lako litajwe, watu wakikutazama, na huwezi kuinuka. Nimefurahi kwamba umeniandikia hivyo kwa kirefu. Nimeisoma barua yako kwa raha, sitakuficha. Mimi nilipiga mpaka mwisho huku najua ninayetukanwa ni mimi, na wewe ulikuwa nyuma yangu unaitikia. Hukulia, Munira. Nimekaa nimekumbuka vizuri. Ulikuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Unataka niseme ili yaishe. Ndiyo sababu sitasema. Nikikutangaza leo utatukanwa mwezi mmoja, watakuhurumia mwezi wa pili, na mwezi wa tatu utakuwa unakaangiana nao samaki. Mimi nataka kila tutakapokutana, kwenye Idd, kwenye arobaini ya mtoto, kwenye msiba, uwe unatazama mdomo wangu.

Siwema ameniandikia barua nzuri sana. Ameambiwa na watu kwamba nimerudi kupiga, na ananiomba nipige kwenye arusi yake, mama yake mkubwa, damu yake. Nimemkubalia. Kikundi kimerudi pamoja na mwimbaji atakuwa Bahiya. Kina mama wa zamani wote wanakuja. Ukimkatalia mwanao atakuuliza sababu, na ukitaka kumweleza sababu, mweleze.

Wewe utakaa mbele kabisa, maana ndiye mama wa bi arusi, na mama wa bi arusi hainuki mpaka nyimbo zote ziishe. Tutapiga kumi na mbili. Sijachagua ni zipi.

Chausiku